Nimepata kigari cha siti mbili na nyumba nzima imeninunia

Shangazi shikamoo. Mi ni mama wa miaka 49, watoto watatu, wa mwisho ameondoka mwaka huu kwenda chuo. Tangu nikiwa binti navipenda vile vigari vidogo vya wazi vya siti mbili, kikipita nageuza shingo mpaka kipotee. Sasa nimepata kimoja, Mazda MX-5 ya mwaka 1993, ile ya kwanza kabisa ya taa zinazoinuka, injini 1.6, gia za mkono, na hela ninayo ya kwangu mwenyewe, nimeiweka kidogo kidogo bila kumwambia mtu. Mume wangu kaona picha kwenye simu yangu kabla sijamwambia, akauliza tu "siti mbili?" basi, akanyamaza, leo wiki ya pili hatuongei zaidi ya salamu. Dada anasema mwanamke wa umri wangu nitachekwa. Shemeji anasema kama nimeamua kutupa hela bora nitafute kitu chenye nguvu. Binti yangu naye kaniuliza mama umepatwa na nini. Shangazi, nimechanganyikiwa kweli? Na kama nakichukua niangalie nini, maana Jumamosi naenda kukiona, na mume wangu ni mrefu sijui hata kama ataenea. Mama wa Kigari.

Marahaba mwanangu. Hujachanganyikiwa, naanza na hilo ili usisome yanayofuata na moyo unadunda. Ila kuna sehemu umekosea na nitakwambia, na sio pale unapodhani.

Mi kigari cha namna hiyo nimekaa nacho miaka tisa kwahiyo naijua hiyo shingo yako inavyogeuka. Watu wanadhani anayetaka gari la wazi anataka kuonekana, wakati ukikaa ndani unakuta we ndo unaona. Unakaa chini kabisa, matako yako na lami ni kama mnasalimiana, mkono ukiuning'iniza nje ya mlango barabara haiko mbali, spidi ya 60 unaisikia kama 100 kwenye gari la juu lililofungwa vioo. Asubuhi na mapema paa limefunuliwa unapita mahali pana miti na hewa inabadilika ghafla, inakuwa ya baridi, unanusa majani mabichi, mbele kidogo unanusa mtu anachoma mkate, unasikia ndege, yaani njia uliyopita miaka kumi unagundua hujawahi kuipita. Halafu ile gia. Kigia chenyewe kifupi, kimekaa pale pale mkono unapoangukia, huhitaji kunyoosha kiwiko, ukisukuma kuingiza namba tatu unasikia kwenye kiganja kabisa chuma kimekaa mahali pake, kama komeo dogo la mlango likiingia. Nimeendesha magari mengi tu na ile hisia sijaipata tena, mpaka leo mkono wangu unaikumbuka.

Shemeji yako sasa. Mwambie kwa heshima zote kwamba hapo hajaelewa. Hiyo 1.6 ina hosipawa kama 115 hivi, ni kidogo kweli, lakini gari lenyewe halifiki kilo 1000, weka pembeni ya haya magari makubwa ya familia yanayopita kilo 2000 halafu ndo uongee nguvu. Wepesi ndo siri yote. Injini wameisogeza nyuma ya mstari wa tairi za mbele, inayosukuma ni tairi za nyuma, uzito umegawanyika karibu nusu kwa nusu mbele na nyuma, kwahiyo tairi za mbele kazi yake ni moja tu, kukata kona, na ukigusa usukani kidogo gari linakuitikia hapo hapo bila kuvutana. Tena gari lenye nguvu nyingi utaishi nalo miaka na hutakuja kulikanyaga mpaka mwisho, ukijaribu tu ndani ya sekunde chache umeshavunja sheria au umeshaingia mtaroni. Hiki unakivuta namba mbili mpaka mshale wa mizunguko ya injini unapita 6000 injini inaimba, unaingiza tatu, unaangalia spidi bado hujafika hata 90. Unapata utamu wote kwenye mwendo wa kawaida wa mtu mzima mwenye akili timamu. Wajapani waliokitengeneza wana msemo wao kabisa, jinba ittai, farasi na anayempanda kuwa kitu kimoja, na ukikaa nacho mwezi utaelewa hawakuwa wanapamba maneno.

Na binti yako anayeuliza umepatwa na nini, umepatwa na kitu kile kile kilichowapata watu wengi sana kabla yako. Zamani hivi vigari vilikuwa vya Waingereza, MGB, Triumph Spitfire, zote mbili zilianza 1962 na zote mbili zikafa 1980, zilikuwa za bei ya mtu wa kawaida, mwalimu, karani, ila zilikuwa zinavuja mafuta na umeme wake unazima utakavyo wenyewe, miundo ikazeeka na sheria mpya za usalama na moshi kule Marekani zikazibana. Sasa kulikuwa na mwandishi wa magari Mmarekani anaitwa Bob Hall, mwishoni mwa miaka ya 70 akakutana na Kenichi Yamamoto wa Mazda, Yamamoto akamuuliza we ungependa tutengeneze nini, jamaa akamwambia kile kigari chepesi cha wazi ambacho wenzenu wameanza kukiacha. Ikachukua miaka mpaka Februari 1989 kikaonyeshwa Chicago, na tofauti yake na vile vya zamani ni kwamba hiki asubuhi kinawaka. 2016 wakatoa cha milioni moja. Milioni moja ya gari lisilobeba mtoto wala godoro! Kwahiyo ukiambiwa ni kichaa, mwanangu, hicho kichaa ni cha watu wengi na wengi wao wana akili zao.

Ya dada yako sitaki kuyapa muda. Atakayecheka atacheka dakika moja gari likipita, we utakuwa umo ndani miaka. Mi nilikinunua cha kwangu nimeshapita 50 na mtu pekee aliyewahi kunisemesha kwenye taa nyekundu alikuwa mzee ananiuliza kama ni cha mwaka gani.

Haya, tuje kwa baba watoto, maana hapa ndo pana kazi.

Rudia kusoma barua yako mwenyewe. Hakuuliza bei. Hakuuliza umetoa wapi hela, na angeweza, maana hela hiyo hakuijua. Hakusema ni ujinga. Aliuliza "siti mbili?" Mwanangu, mtoto wa mwisho ameondoka kwako peke yako? Ameondoka na kwake pia. Mwaka ule ule nyumba imekuwa kimya, mezani mmebaki wawili, huyu mwanaume anashika simu anakuta mke wake amekuwa akiweka akiba kimya kimya, anatafuta gari kimya kimya, na gari lenyewe lina siti mbili tu na hajui ya pili ni ya nani. We umeona amenunia gari. Mi naona ni mtu anayejiuliza kama bado yumo kwenye safari yako, na hajui aulizeje bila kuonekana mnyonge, ndo akabaki na hayo maneno mawili.

Kosa lako ni hapo, kwenye kuficha. Najua kwanini ulificha, uliogopa kukatazwa kitu ambacho umekitaka miaka thelathini, na wanawake wengi tumeishi hivyo, unakibana kifuani mpaka uwe na uhakika. Lakini siri ya hela ndani ya ndoa huwa inasikika kama siri nyingine, na we hukumpa nafasi ya kujua ni ipi. Kimya kingi kina mshindo mkubwa, usisubiri wiki ya tatu. Leo hii jioni, sio kwa meseji, sio mbele ya dada yako, kaa naye umwambie hivi kwa maneno yako: nimekosea kukuficha, nilikuwa naogopa, hela ni hii hapa yote, gari ni hili, na siti ya pili nilikuwa naiona wewe umekaa. Kama hiyo sentensi ya mwisho si kweli usiiseme, na kama si kweli basi niandikie tena maana hapo tatizo sio gari. Ila nadhani ni kweli, usingeniuliza kama ataenea.

Halafu usimwombe ruhusa na usimpe taarifa, mwombe aje Jumamosi. Kuna tofauti. Akikataa kuja nenda kakikague tu, kukagua sio kununua, ila hela usiitoe siku hiyo. Akija usimshawishi kwa maneno, mwache akae.

Kuhusu kuenea. Kaeni ndani paa likiwa limefungwa, sio wazi, wengi wanakosea hapo, paa likiwa wazi kila mtu anaenea. Kama kichwa kinagusa turubai au magoti yanakwama kwenye dashibodi msijilazimishe, miaka inayokuja ni mingi na mgongo ni mmoja. Kuna toleo la tatu la MX-5 hiyo hiyo, kuanzia 2005 mpaka 2015, ndani lina nafasi kubwa zaidi, ila zile taa zinazoinuka hutazipata, ziliisha na toleo la kwanza. Ndo utapima mwenyewe unapenda taa au unampenda mwenye magoti. Usikimbilie Toyota MR-S, nayo ya wazi ya siti mbili, kwa sababu ni rahisi kupatikana, ni tamu kuendesha injini ikiwa nyuma ya mgongo, lakini buti hakuna kabisa, na nyie mnataka kwenda mahali mkalale. Kwenye MX-5 angalau begi mbili laini zinaingia. Na gari lenu la nyumbani msiliuze, watoto watarudi likizo na hakuna kubanana watatu kwenye siti mbili hata kwa umbali wa kwenda dukani, mikanda ni miwili basi. Gari la miaka hiyo usalama wake sio wa magari ya leo, muendeshe mkijua hivyo.

Mkienda kukagua nendeni mchana jua likiwepo, injini muikute ya baridi, ikiwa imeshawashwa mkafika ina joto mjue kuna kitu kinafichwa. Ikiwaka ikawa inagonga tik tik tik juu kwa muda mfupi msiogope, ni kawaida yake, mara nyingi ni oili. Uzuri hiki ni cha 1993, ule ugonjwa wa krankshafti, chuma kikuu kinachozunguka ndani ya injini, wa 1.6 za mwanzo mwanzo kabla ya katikati ya 1991 haukihusu. Taimingi belti, ule mkanda unaoendesha vali za injini, iulizie, inabadilishwa kila kilomita 100,000, na kama hana risiti hesabu kwamba haijabadilishwa uiweke kwenye mazungumzo ya bei. Klachi ikanyage mara kumi, ikianza kuwa laini au gia zikasita kuingia ile silinda ndogo ya chini inayosukuma klachi inavuja, sio kitu kikubwa lakini ijulikane. Kioo cha nyuma kwenye turubai ni cha plastiki na kina zipu, ifungueni zipu kwanza ndo mkunje paa, mkimuona muuzaji anakunja bila kufungua zipu mjue hicho kigari hakijawahi kupendwa.

Kubwa kuliko yote ni kutu. Mi nililia kwa sababu yake. Aliyeniuzia alikuwa ameweka kapeti jipya linanukia, nikaona ndo matunzo, miezi miwili baadae mvua imenyesha nakanyaga chini maji yanachuruzika, fundi kutoboa na bisibisi sehemu ile ya chini ya mlango, karibu na tairi la nyuma, bisibisi ikazama mpaka mpini. Kule nyuma ya siti, kwenye kona mbili ambapo turubai linajikunja, kuna tundu za kutolea maji ya mvua, majani na vumbi vikiziba basi maji yanabaki ndani ya bodi miaka na miaka yanakula chuma kutoka ndani wakati nje rangi inang'aa.

Kwahiyo Jumamosi beba chupa ya maji. Mume wako achuchumae nyuma ya mlango achungulie chini ya gari, mbele kidogo ya tairi la nyuma, we ukiwa juu mimina taratibu kwenye lile tundu, nusu kikombe tu, halafu muulize kama yanatoka. Mfanye upande wa dereva kwanza, kisha upande wake.