Usimwachie dada yake: jua kwanza nani anamvusha mtoto barabara wakati wa kurudi shule

Dada, umeniuliza kuhusu mtoto wako kwenda shule kwa miguu. Jumatatu usimtume. Umesema ana miaka 6, anaanza darasa la kwanza, mnakaa Mwanga hapa Kigoma, shule iko ng'ambo ya lami ya kwenda Ujiji, na dada yake wa darasa la nne atakuwa anaongozana naye. Mengine uliyouliza yanaweza kusubiri. Hilo la dada yake haliwezi.

Chukua ratiba ya shule uisome. Darasa la awali, la kwanza na la pili wanatoka mapema, mara nyingi kabla ya saa 7 mchana. La nne wanabaki hadi saa 8 au 9, na wakiwa na masomo ya ziada wanapitiliza. Kwa hiyo dada yake atamvusha asubuhi tu. Mchana mdogo ana mawili: akae getini masaa mawili na njaa, au avuke mwenyewe. Wa miaka 6 mwenye njaa hakai, anavuka. Tena anavuka mchana, jua limewaka, amechoka, wenzake wanakimbizana, na ile barabara hajawahi hata siku moja kuivuka kutokea upande huo. Kila kitu mlichomfundisha asubuhi kimegeuka: mteremko uliokuwa kulia sasa uko kushoto, na kibanda kilichokuwa ng'ambo sasa kiko kando yake kinamziba macho.

Linaloniudhi ni kwamba ushauri huu unatoka kwenye vikao vya wazazi. Mtu anasimama mbele anasema "wakubwa waje na wadogo zao", wote mnapiga makofi, na ratiba ya kutoka ameibandika yeye mwenyewe ukutani! Anajua kabisa kwamba mkubwa na mdogo hawatoki pamoja. Na wale wanaosema "mbona sisi tulikwenda wenyewe", walikwenda kabla bodaboda hazijajaa mjini. Barabara waliyoivuka wao siyo hii.

Hata hiyo asubuhi yenyewe, mtoto wa miaka 10 hatoshi kumvusha mwenzake. Watoto wawili wakivuka, mkubwa ndiye anayeangalia magari. Mdogo anaangalia mgongo wa mkubwa. Mkubwa akiona nafasi anakimbia, akifika ng'ambo anageuka na kuita "njoo!", na mdogo anaitika wito. Haangalii kulia wala kushoto, kwa sababu dada ameshasema njoo. Nafasi iliyomtosha wa kwanza haimtoshi wa pili.

Piga hesabu uone. Lami ya njia mbili ina upana wa mita 7 hivi. Mtoto wa umri huo akitembea anatumia kama sekunde 7. Gari lililo kwenye mwendo halali wa kilomita 50 kwa saa linakula karibu mita 14 kila sekunde. Maana yake gari likiwa mita 100 kutoka hapo mlipo, kwake tayari limefika. Mita 100 ni hatua zako 130 hivi. Nenda ukazihesabu kila upande, utafute mti au nguzo ilipoangukia, na hiyo ndiyo iwe alama yenu: chombo kikiwa kati ya alama na sisi, hatuvuki. Usimwambie "angalia kama gari liko mbali". Kabla ya miaka 9 au 10 watoto wengi hawawezi kupima mbali ni wapi na kasi ni ipi. Mti anauona.

Mahali pa kuvukia pasiwe kwenye kona, pasiwe nyuma ya hiace iliyosimama, na pasiwe chini ya mteremko. Kwenye miteremko yetu boda wengi huachia gia huru ili kuokoa mafuta, kwa hiyo mtoto anayesikiliza mlio hatasikia kitu. Na gari likisimama kumpisha, asivuke moja kwa moja: boda hupita ubavuni mwa gari lililosimama. Mfundishe asimame mbele ya gari hilo, sawa na ubavu wake wa upande wa katikati ya barabara, achungulie, ndipo amalizie. Macho kulia, kushoto, kulia tena, na aseme kwa sauti anachokiona. Akikaa kimya hujui kama ameangalia au amegeuza shingo tu.

Sasa panga safari ya kurudi, kabla hujagusa ya kwenda. Usimruhusu kwenda asubuhi kama huwezi kutaja jina la mtu mzima atakayekuwa pale pa kuvukia saa ile anayotoka. Jina, siyo "watu wapo". Mama muuza maandazi aliye karibu na pale anaweza, mkikubaliana vizuri na akamjua mtoto kwa sura, na mtoto akamjua yeye. Njia iliyo bora zaidi ni wazazi watano wa mtaa mmoja, kila mmoja na siku yake, wanasimama nusu saa. Asiyeweza siku yake atafute wa kumshikia jana yake, siyo asubuhi ile.

Kufundisha, wiki ya kwanza mshike mkono kwenda na kurudi. Ya pili yeye atangulie, wewe hatua moja nyuma. Ya tatu kaa nyuma mita 10. Ya nne mwache atembee vichochoro mwenyewe, wewe umngoje kwenye lami tu. Hapo kwenye lami usitoke mpaka afike hiyo miaka 9 au 10, hata majirani wakikucheka.

Kuhusu saa ya kutoka nyumbani, usifuate wanaokuandikia kutoka Dar es Salaam. Nchi nzima tunatumia saa zilezile, lakini sisi tuko magharibi kabisa na jua letu linachelewa dakika 35 hadi 40 nyuma ya lao. Mwezi wa 7 Kigoma linachomoza saa 1:10 hivi, na mwezi wa 2 karibu saa 1:05. Anayetoka saa 12:15 anatembea gizani, na sweta la rangi nzito dereva halioni. Ongea na mwalimu wa darasa apokelewe kukishapambazuka.

Mvua ikinyesha saa ya kutoka, abaki shuleni mpaka aje mtu mzima kumchukua. Mwambie hivyo mwalimu, na mwambie mtoto mwenyewe. Makorongo ya huku yanajaa kwa dakika chache, na maji ya kasi yakimfika magotini yanamwangusha.

Kesho kabla ya saa 7 nenda ukasimame pale getini uangalie wa darasa la kwanza wanavyotoka. Kisha uniambie dada yake alikuwa wapi.