Kabla ya kuuliza wako kina gani, uliza ni saa ngapi

Nimekulia Kilwa, na tangu utotoni najua kwamba dagaa huvuliwa gizani. Mwezi ukiwa mpevu, wavuvi wa taa hupumzika, maana karabai haishindani na mbalamwezi. Nilipokwenda Tromsø, kaskazini mwa Norwe, kusomea planktoni, yaani viumbe wadogo wanaoelea baharini, elimu hiyo niliisahau kabisa.

Swali langu lilikuwa jepesi: kopepodi aitwaye Calanus, kijidudu cha bahari kisichofika urefu wa punje ya mchele, hukaa kina gani? Nikashusha wavu hadi karibu na sakafu ya ghuba, nikauvuta mpaka juu, nikahesabu. Walikuwa tele. Lakini walitoka mita ya 20 au ya 150? Wavu uliopita kote umechanganya wote. Wewe usirudie kosa hilo: tumia wavu unaofungwa ukiwa majini, vua tabaka moja moja, hata kama ni matatu tu, na uandike saa kila unapovuta.

Saa, kwa sababu Calanus ana hesabu zake. Mwani anaoula uko juu penye mwanga, na samaki aitwaye heringi anayemwinda kwa macho anahitaji mwanga huohuo. Kwa hiyo mara nyingi mchana huzama, usiku hupanda kula. Aliye mkubwa, anayeonekana upesi, hukimbilia chini zaidi. Mwenye njaa huthubutu kubaki. (Mimi nilishikilia kwamba sababu ni nyuzijoto za maji. Nilichora grafu za kupendeza zisizoeleza kitu.)

Kule juu kaskazini hata saa hukuchezea. Jua lisipotua kiangazi, ule msafara wa pamoja huvurugika, kila mmoja akapanda na kushuka kwa wakati wake. Na katika usiku usiokucha wa majira ya baridi, watafiti wa Aktiki wamegundua kwamba planktoni hufuata mwezi: ukiwa mpevu, huzama. Niliposoma hayo nilicheka peke yangu maktabani.

Kisha kuna usingizi. Katika Bahari ya Norwe, Calanus finmarchicus hupitisha baridi chini ya mita 600, kwenye maji yaliyo chini ya nyuzi 0, akiishi kwa mafuta aliyojilimbikizia kiangazi, hadi apande tena kuanzia Machi. Ukivua juu juu Desemba utadhani wametoweka.

La mwisho ni taa za meli. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kuwa mwanga wa meli huwasumbua samaki na planktoni hadi mita 200. Omba taa za sitaha zizimwe wakati wa kuvua. Nahodha atataja usalama, na ana haki, kwa hiyo mkubaliane mkiwa bado bandarini. Mimi nilimwomba wangu saa nane usiku, wavu ukiwa tayari majini, na jibu alilonipa silitafsiri hapa.