Mrija wa kuunganisha mshipa wa fahamu

SWALI: Mdogo wangu alikatwa na kioo kiganjani, na mshipa wa fahamu unaokwenda kwenye kidole cha shahada ukapoteza kipande cha karibu sentimita moja na nusu. Daktari anashauri awekewe mrija wa kolajeni (protini inayojenga ngozi na mifupa) badala ya kupandikizwa mshipa utakaotolewa mguuni. Mrija huo hufanya kazi gani, na je, unaweza kumsaidia baba yetu aliyeumia uti wa mgongo katika ajali ya pikipiki?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Mrija hauponyi, kazi yake ni kuuelekeza mshipa unaojiponya wenyewe. Nyuzi za mshipa uliokatika huota upya kutoka kwenye ncha iliyo upande wa mwili zikisaidiwa na seli za Schwann, yaani seli zinazozizunguka na kuzilinda nyuzi hizo, lakini zikikuta pengo tupu hupotea njia na huweza kujikusanya kuwa kinundu chenye maumivu. Mrija huzishika ncha zote mbili, huzuia kovu lisiingie katikati, kisha huyeyuka taratibu mwilini. Mirija ya awali ya silikoni haikuyeyuka, na baadhi ya wagonjwa walipasuliwa tena ili itolewe. Kolajeni hii kwa kawaida hutoka kwa ng'ombe, hivyo mdogo wako akiwa na mzio wowote wa aina hiyo amweleze daktari mapema.

Kwa pengo dogo kama hilo kwenye mshipa wa hisia, naona ushauri wa daktari ni wa busara, kwani kutoa mshipa mguuni huacha ganzi pembeni mwa unyayo. Pengo likizidi sentimita 3, au likiwa kwenye mshipa mnene unaoendesha misuli, mshipa wa mgonjwa mwenyewe bado ndio bora. Muwe na subira: nyuzi huota takriban milimita 1 kwa siku, kwa hiyo hisia za ncha ya kidole huchukua miezi kurudi, na huenda zisirudi zote.

Hali ya baba ni tofauti kabisa. Ndani ya uti wa mgongo, seli za hapo na kovu linalojengeka huzuia nyuzi zisiote. Viunzi vya polima (vitu vya jamii ya plastiki) na jeli vya kuziongoza nyuzi hizo vimejaribiwa kwa wanyama na kwa watu wachache, lakini hakuna kilichothibitishwa kuwarudishia wagonjwa uwezo wa kutembea, na anayewauzia tiba hiyo leo msimpe fedha zenu. Zielekezeni kwenye mazoezi ya viungo, godoro la kuzuia vidonda vya mgandamizo na utunzaji wa kibofu, kwa sababu vidonda na maambukizi ya mkojo ndivyo vinavyohatarisha maisha yake sasa.