Mafuta ya bangi kwa mtoto mwenye kifafa, inajuzu?

SWALI: Asalaam alaykum sheikh. Naishi Toronto, huku bangi imeruhusiwa tangu 2018. Mwanangu ana kifafa kigumu, dawa zimeshindwa, sasa daktari anataka kumuandikia mafuta ya CBD yanayotokana na bangi. Mamangu Mombasa kasikia, kaniambia nisithubutu ni haramu. Shemeji yangu nae anavuta kila usiku, anasema kama ya mtoto sawa basi na yake sawa, serikali imeruhusu. Nifanyeje?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah. Pole sana dada yangu, Allah amponye mtoto. Hapo kuna masuala mawili na shemeji yako ndo anayachanganya.

La mtoto kwanza. Kilichokatazwa ni ulevi, Mtume (saw) kasema kila kinacholevya ni khamr (kileo) na kila khamr ni haramu, kaipokea Imam Muslim. Kwenye bangi kinachopanda kichwani ni kemikali iitwayo THC, hiyo CBD ni kemikali nyengine na hailevyi, na dawa yake iliyosafishwa, Epidiolex, ilipitishwa Marekani Juni 2018 kwa vifafa vile vibaya vya watoto, Dravet na Lennox-Gastaut. Kama ndo hiyo mpe mtoto, usichelewe. Hata ikiwa na THC kidogo na daktari unaemuamini kasema nyengine zote zimeshindwa bado kuna nafasi, manake sisi Mashafii tunae Imam Nawawi, mwanachuoni wa madhehebu yetu, aliyeona sahihi zaidi ni kujuzu mtu kupewa kitu kisicho pombe kikamuondoa akili ili akatwe mkono uliooza, sasa sembuse mtoto anaeanguka kila siku!

Mama usimkasirikie, anaogopa dini na hilo ni jema. Huenda kasikia hadithi ya Tariq bin Suwayd alipoambiwa na Mtume (saw) pombe si dawa bali ni ugonjwa, mueleze taratibu kwamba ile ni pombe, na mtoto halewi.

Shemeji sasa. Yeye haumwi, anavuta ili imlevye, basi. Sheria ya Canada imemuondolea polisi lakini hesabu ya Allah iko palepale, mbona pombe nayo inauzwa huko kihalali miaka yote na hajawahi kukwambia ni halali? Hata Kenya 2022 Wajackoyah alipogombea urais kwa ahadi ya kuhalalisha bangi vijana walikuja na hoja hizi hizi, na wengine wakasema navuta kidogo tu silewi. Mtume (saw) kashajibu, kinacholevya kikiwa kingi basi hata kidogo chake haramu. Mwambie kwa adabu, na asivutie nyumba anayolala mgonjwa.

Ila nakuomba sana, usiende kununua kichupa dukani ukampimia mwenyewe. CBD inaweza kugusa ini, hasa mtoto akiwa anatumia valproate, dawa nyengine ya kifafa, ndo maana hupimwa damu, na zile dawa zake za zamani usizikatishe ghafla, kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu. Chochote kinachobadilishwa kipitie kwa daktari wake.

Wallahu aalam.