Tumbawe linalochoma kama upupu

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Kila bamvua huenda mwambani kutafuta pweza. Juzi niliteleza nikajishikilia kwenye tumbawe la rangi ya haradali, ncha zake nyeupe. Mkono ukawaka kama nimeshika upupu, na vipele mpaka leo. Wifi yangu akanishauri niukojolee. Kwani tumbawe nalo lina sumu?
Msomaji, Makunduchi

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole sana. Ulichokishika kina sura ya tumbawe tu. Kwa nasaba ni haidrozoa, kundi la wanyama wa majini, kiko karibu zaidi na yavuyavu. Ukoo wake ni Milleporidae, na jina lake la kitaalamu, Millepora, lina maana ya vitundu elfu.

Vitundu vyenyewe utaviona. Okota kipande kikavu ufukweni, ukitazame kwa kioo cha kukuzia. Kitundu kimoja kipana kidogo kimezungukwa na vingine vyembamba. Mle kwenye kipana huishi kijinyama chenye mdomo, kazi yake kula. Kwenye vyembamba wamo wenzake wasio na mdomo kabisa, walinzi na wawindaji, na ndio waliokudunga visindano vyao vya sumu. Njaa hawaioni, maana wote wameungana kwa vijifereji ndani ya chokaa, anachokula mmoja kinawafikia wengine. Ile haradali nayo ni mwani mdogo mno unaoishi miilini mwao na kuwalisha kwa nguvu ya jua. Bahari ikipata joto kupita kiasi mwani hutoka, vikabaki vyeupe pe, kama yalivyopauka matumbawe mengi ya pwani yetu mwaka 1998.

Mimi kilinipata kisiwani Misali, Pemba, nikinasua dema. Kwa ujinga wangu nikausugua mkono kwa mchanga! Siku tatu sikushika kasia, kwa sababu kusugua hufyatua visindano vilivyokuwa bado havijafyatuka.

Mkojo achana nao, wifi atanisamehe. Hata maji baridi ya kisima usianze nayo, yanafyatua vilevile. Suuza kwa maji ya bahari, kisha mwagia siki. Baadaye maji ya moto yanayovumilika hupunguza maumivu. Mtu akivimba uso au akihema kwa shida, hospitali mara moja.

Vipele vyako vikianza kutunga usaha, nenda kituo cha afya wakakutazame. Huenda chembe za chokaa zimebaki ndani ya ngozi.