Uchunguzi wa ajali ya ndege unawafaa walio hai

Ndugu uliyeuliza uchunguzi wa ajali ya ndege una faida gani ilhali waliokufa hawarudi, faida yake ni kwetu sisi tutakaopanda ndege kesho hapa Dar es Salaam. Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, yaani mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, kinaeleza kwamba lengo pekee la uchunguzi huo ni kuzuia ajali nyingine, wala si kutafuta wa kulaumiwa, jambo linalompa rubani au fundi nafasi ya kusema ukweli bila hofu. Tazama ajali ya TWA 800, ndege ya abiria ya Marekani, ya mwaka 1996, iliyoua watu 230: wachunguzi waliyaopoa mabaki baharini karibu na New York, wakayaunganisha kipande kwa kipande ndani ya banda kubwa, wakahitimisha kwamba mvuke wa mafuta ulilipuka katika tangi la katikati. Mwaka 2008 Marekani ikatoa kanuni ya kupunguza hatari hiyo, na mitambo ya kujaza tangini naitrojeni, gesi isiyowaka, ikafungwa katika ndege nyingi.

Kwa msiba wa Bukoba wa Novemba 2022, uliotuondolea watu 19 katika ndege iliyoruka kutoka hapa kwetu na kuanguka ziwani, naona tuna haki kamili ya kuuliza kila pendekezo la wachunguzi limetekelezwa lini na nani.