Mwanangu, kuhusu huo mdomo unaokauka usiku

Mwanangu mpenzi,

Meseji yako nimeisoma. Unasema unaamka usiku ulimi umegandia juu kwenye kaakaa, unakunywa glasi nzima ya maji, unalala, baada ya lisaa mdomo mkavu tena, na unaniuliza mama hii ni kisukari au nini. Nimeona nikuandikie kwa kirefu maana kwenye simu utaniitikia tu sawa mama, sawa mama, alafu unaendelea na kazi zako.

Tuanze na hayo maji. Maji yanakata kiu, lakini mate ni kitu kingine kabisa. Mtu mzima mwenye afya anatoa mate kama nusu lita hadi lita moja na nusu kwa siku, mengi yanatoka kwenye tezi kubwa jozi tatu, zipo mbele ya masikio, chini ya taya na chini ya ulimi, alafu kuna vitezi vidogo vidogo mamia kwenye midomo, mashavu na kaakaa. Mate yana kalsiamu na fosfeti za kuimarisha meno, yana bikaboneti ya kutuliza asidi, yana ute wa kufanya chakula kiteleze, na yana vitu vya kupambana na vijidudu. Maji hayana hayo yote, ndio maana ukinywa yanapita tu na mdomo unarudi palepale. Na usiku mate yanapungua sana kwa kila mtu, hata asiyeumwa, kwahiyo ukiwa na sababu nyingine yoyote ya kukauka, usiku ndio itakutesa zaidi.

Kisukari kinaweza kukausha mdomo, ndio, hasa kama una kiu isiyoisha, unakojoa mara kwa mara na unakonda bila kujua kwanini. Kupima sukari ni jambo la dakika chache, kapime ulale na amani. Ila sababu inayoongoza ni dawa tunazomeza. Ziko mamia zinazokausha mate, zile za mzio za zamani zinazoleta usingizi, za sonona hasa amitriptilini ambayo wengine wanapewa kwa ajili ya kichwa au maumivu ya neva, za kibofu, za kukojosha, baadhi ya za presha, na za maumivu makali za jamii ya mofini. Ukimeza mbili tatu kwa pamoja ndio kabisa. Na wewe si uliniambia umeanza vidonge vya mzio kila usiku kwa sababu pua imeziba? Sasa pua ikiziba unapumua kwa mdomo usiku kucha, na kidonge nacho kinakausha, yani unakaushwa kotekote. Mimi nadhani shida yako iko hapo, ila aseme daktari.

Nakuomba lakini usiache dawa yoyote uliyoandikiwa kisa umesoma barua ya mama yako. Rudi kwa aliyekuandikia, mwambie mdomo unakauka, anaweza kubadilisha aina, kupunguza dozi au kusogeza muda wa kumeza. Nenda na dawa zako zote kwenye mfuko, hata zile ulizonunua mwenyewe, maana hizo ndio watu huwa hawazitaji.

Kuna sababu nyingine nazo, mionzi ya saratani ya kichwa na shingo inaua tezi za mate, na kuna ugonjwa wa Sjögren, jina la daktari wa macho wa Sweden aliyeueleza mwaka 1933, ambapo kinga ya mwili inashambulia tezi za mate na za machozi, na wanaoupata zaidi ni wanawake. Kwahiyo kama na macho yanakwaruza kama yana mchanga, usiache kulisema hilo.

Sasa hapa kwenye meno ndio nataka unisikilize vizuri, maana ukavu wenyewe unavumilika lakini meno yakienda hayarudi. Siku daktari wa meno aliponikagua, kile kioo chake kidogo cha mkononi kilikuwa kinagandia ndani ya shavu badala ya kuteleza, akaniambia hiyo ni dalili mate hayatoshi. Mate yakiwa machache asidi inakaa muda mrefu juu ya jino, na enameli, lile gamba gumu la nje la jino, inaanza kuyeyuka pH, yani kipimo cha asidi, ikishuka kwenye kama 5.5 (ikishuka ndio asidi imezidi). Meno yanaanza kuoza sehemu ambazo kwa kawaida hazisumbui, kwenye shingo ya jino karibu na ufizi na hata kwenye ncha za meno ya mbele. Ndio maana nakasirika nikisikia mtu mwenye mdomo mkavu anajipooza kwa soda au pipi za sukari mchana kutwa. Zile pipi kali za limao zinatoa mate kweli, lakini asidi yake inamaliza meno.

Wewe piga mswaki mara mbili kwa siku, dawa ya meno iwe na floraidi, angalia imeandikwa 1,350 hadi 1,500 ppm, hicho ndio kipimo cha floraidi, ukimaliza tema tu usisukutue kwa maji, na baada ya mswaki wa usiku usipitishe kitu kingine zaidi ya maji. Mchana tafuna chingamu isiyo na sukari, yenye kile kiongeza utamu kinachoitwa zailitoli ni nzuri, kule kutafuna ndio kunaamsha tezi (kama kuna mbwa hapo kwenu iweke mbali naye, zailitoli ni sumu kwa mbwa). Maji kunywa kidogo kidogo, sio glasi nzima kwa mkupuo, utakesha chooni bure. Sigara acha, pombe na kahawa punguza, na dawa ya kusukutua yenye alkoholi usiiguse kabisa, inazidisha ukavu. Famasi kuna jeli na spreya za mate ya bandia, jeli ukipaka kabla ya kulala inasaidia kiasi. Kipo pia kidonge cha pilokapini cha kuchochea mate, ila hicho ni cha daktari tu, kinatoa jasho sana na hakimfai mwenye pumu isiyotulia au aina fulani ya glakoma, ule ugonjwa wa presha ya macho.

Ukiona utando mweupe ulimini, mdomo unaunguza au pembe za midomo zinachanika, inaweza kuwa fangasi, inatibika. Shavu likivimba chini ya sikio likauma na homa juu, hapo usisubiri kesho.

Nijibu leo leo basi, hicho kidonge cha mzio kinaitwaje, pua imeziba tangu lini, na mara ya mwisho daktari wa meno alikuangalia lini. Boksi la dawa lipige picha unitumie.

Mama yako